Miguu Ni Nauli

Kila mwaka, mashindano ya mbio za shule yakwishapo, hakosekani mwanafunzi wa kunijia na swali moja: "Mwalimu, nifanyeje nipate kwenda Marekani kukimbia?" Wengine huuliza kwa haya, wengine kwa ujasiri, na wengine hutumwa na wazee wao. Nimekuwa mwalimu kwa muda wa miaka 12 tangu nilipotoka chuo cha ualimu, na katika muda huo wote nimefundisha Kiswahili asubuhi na kusimamia wakimbiaji jioni, katika shule moja ya nyanda za juu za Bonde la Ufa. Kwa hiyo swali hili nimelisikia mara nyingi kuliko swali lo lote la sarufi. Nataka, msomaji, nikujibu wewe kama niwajibuvyo wao. Na kama wewe si mkimbiaji, usiipite insha hii, maana huenda ndugu yako au jirani yako akawa mkimbiaji, na neno moja la kweli likamwokoa katika hasara.

Jawabu langu la kwanza ni kulisahihisha swali lenyewe. Mwanafunzi husema anataka kwenda kukimbia. Mimi humwambia, "Mwanangu, utakwenda kusoma. Miguu ni nauli tu." Wengi hucheka, wakidhani kwamba mwalimu amesema lile ambalo kila mwalimu hana budi kulisema. Lakini hili si neno la kupendezesha wazazi siku ya mkutano wa shule. Ni kanuni ya mambo yenyewe, na asiyeijua hurudishwa mlangoni, hata awe na mbio za swala.

Desturi ya Wamarekani katika jambo hili ni ngeni kwetu, nayo yafaa ifahamike. Katika nchi nyingi kijana hodari wa michezo akitoka shule huingia katika klabu. Kwao, njia kuu hupita chuo kikuu. Kijana wa besiboli, wa mpira wa kikapu, wa kuogelea na wa mbio hutafutwa na makocha wa vyuo angali shuleni, na chuo kimtakacho huweza kumlipia karo yote au sehemu yake. Walakini chama kikubwa kisimamiacho michezo hiyo, N.C.A.A., hakimruhusu mtu kuvaa jezi ya chuo kama si mwanafunzi wa kweli. Katika daraja lake la kwanza hudai masomo ya msingi 16 ya shule ya upili, yaani lugha, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii, pamoja na wastani usiopungua 2.3 katika kipimo chao cha 4. Vyeti vya mwanafunzi wa kigeni hupimwa na kufasiriwa kwa kipimo hicho hicho. Angalia basi: kocha aweza kukupenda, chuo chaweza kuwa na fedha, nawe ukazuiliwa na alama ulizozipata miaka miwili kabla hujamwandikia kocha huyo barua ya kwanza.

Wakenya walianza kuvuka bahari kwa ajili ya elimu ya Marekani kwa wingi kabla ya mbio zetu kupata sifa. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza katika mpango wa Tom Mboya iliondoka na wanafunzi 81. Waliitwa kwa ajili ya vichwa vyao. Baadaye, katika miaka ya 1970, makocha wa vyuo walipokwisha kuona mambo yaliyotendwa na Wakenya katika Olimpiki za 1968 na 1972, wakaanza kuita na miguu. Katika hao walioitwa, wapo ambao maisha yao ni darasa kwetu.

Mmoja ni Mike Boit, aliyepata nishani ya shaba katika mita 800 huko Munich mwaka 1972. Alisoma katika chuo kikuu cha Eastern New Mexico, akaendelea Stanford, kisha akapata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Oregon. Kenya ilipojitoa katika Olimpiki ya 1976, Boit alikuwa katika ubora wa nguvu zake, na nafasi ile haikurudi tena. Lakini alikuwa na kitu kingine mkononi. Akarudi nyumbani, akawa Kamishna wa Michezo na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Mwingine ni Paul Ereng. Alipokuwa Starehe alikuwa mkimbiaji wa mita 400, asiyejulikana ulimwenguni. Alipofika katika chuo kikuu cha Virginia akageukia mita 800, na mwaka ule ule wa 1988 akapata dhahabu ya Olimpiki huko Seoul. Katika michezo hiyo hiyo Peter Rono, mwanafunzi wa zamani wa shule ya St. Patrick's, Iten, aliyekuwa akisoma katika chuo kidogo cha Mount St. Mary's huko Maryland, alishinda mita 1,500. Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba chuo kidogo si lazima kiwe mlango mdogo.

Wa tatu ni Henry Rono, ambaye jina lake sharti litajwe kwa heshima. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Lakini hakupata kukimbia hata Olimpiki moja, kwa kuwa Kenya haikushiriki mwaka 1976 wala 1980. Baadaye alishikwa na ulevi, fedha zikamponyoka, na kwa muda akakosa hata mahali pa kulala, kabla hajasimama tena. Alifariki mwaka 2024. Sisemi habari hii ili kumlaumu. Nani kati yetu aliyebeba mzigo kama ule akiwa kijana, mbali na mama yake? Naisema ili ujue kwamba mbio zaweza kumfikisha mtu juu sana, na zisiweze kumshika mkono akianza kuanguka.

Sasa tuje katika kazi yenyewe ya kumsaidia mwanafunzi. Mkimbiaji ana bahati ambayo mchezaji wa besiboli hana. Yule wa besiboli sharti aonekane kwa macho: namna anavyouzungusha mgongo wake akipiga, namna mkono wake unavyorusha. Ndiyo sababu wazazi wa Marekani hutumia fedha nyingi kuwapeleka watoto wao katika mashindano ya kujionyesha, ili makocha wakae ukingoni na kuwatazama. Mkimbiaji husemewa na saa. Dakika na nukta zikishaandikwa katika matokeo rasmi, kocha aliye mbali kilomita 12,000 huzisoma na kuzielewa. Kwa sababu hiyo nawahimiza wanafunzi wangu washiriki mashindano yaliyo na matokeo yaliyochapishwa, na kutunza nakala. Muda uliopimwa na rafiki yako nyuma ya bweni hauna shahidi.

Barua ya kwanza kwa kocha huandikwa na mwanafunzi mwenyewe, wala si mwalimu wake. Iwe fupi na ya kweli. Itaje jina lako kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuzaliwa, shule, masomo na alama zako, na mwaka utakaomaliza. Kisha itaje mbio zako, mahali ulipozikimbia, na tarehe. Ueleze kwamba uwanja ulikuwa wa vumbi, na kwamba Iten, kwa mfano, iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kocha mwenye akili ataliingiza jambo hilo katika hesabu yake. Usipunguze umri hata mwezi mmoja. Umri wa uongo ni deni ambalo hudaiwa siku ya furaha. Mwalimu wako na aandike barua yake mbali, aseme yale ambayo wewe huwezi kujisemea: kwamba hukosi darasani, kwamba ulishindwa mara ngapi ukarudi tena mazoezini.

Yafaa pia ujue hesabu za ufadhili, maana wengi hudhani kwamba ukiitwa umelipiwa kila kitu. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa ufadhili 12.6 tu kwa timu nzima ya wanaume ya mbio, kuruka na kurusha, na 18 kwa timu ya wanawake. Timu ya besiboli iliruhusiwa 11.7, nayo ina wachezaji zaidi ya 30. Ndiyo sababu ufadhili mmoja ulikatwa vipande kama mkate wa watoto wengi. Tofauti ya wanawake na wanaume ilitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iliyovitaka vyuo viwatendee wote sawa. Kwa hiyo, msomaji wa kike, usikubali kuambiwa kwamba njia hii ni ya kaka zako. Mwaka 2025 kanuni zikabadilika. Vyuo vilivyokubali mpango mpya havifungwi tena na hesabu ya ufadhili, bali hufungwa na hesabu ya wachezaji, kama vile 34 kwa besiboli. Kanuni hizi zinaendelea kubadilika, basi uzisome zile za mwaka wako, usitegemee masimulizi ya aliyekwenda zamani.

Vyuo navyo si vya namna moja. Vipo vya daraja la pili, na vya daraja la tatu visivyotoa ufadhili wa michezo kabisa ila husaidia kwa alama na kwa uhitaji. Vipo vya chama kingine kiitwacho N.A.I.A., na vipo vya miaka miwili, kama South Plains huko Texas, ambavyo Wakenya wengi wameanzia kabla ya kuhamia vyuo vikubwa. Harvard, Yale na wenzao hawatoi ufadhili wa michezo, lakini humsaidia mwanafunzi kwa kadiri ya umaskini wa nyumba yake. Hiyo ndiyo njia waliyoifuata Mike Boit na Mmarekani John Manners walipoanzisha mwaka 2004 mpango wa KenSAP. Waliwachagua vijana waliofaulu sana katika mtihani wa taifa, kisha wakawapima kwa mbio za mita 1,500. Baadhi yao hawakuwa wamepata kushindana kabisa. Alama ziliwafungua mlango, na mbio zikawasukuma kidogo waingie.

Hapa nataka nikusimulie habari za wanafunzi wangu wawili, bila kuwataja majina. Mmoja alikuwa mvulana aliyekimbia mita 5,000 kwa dakika 14 na nukta chache katika uwanja wetu wa vumbi. Sijapata kumwona mwingine kama yeye. Alikuwa mpole, mwenye bidii katika mazoezi, lakini darasani alikaa kama msafiri angojaye basi. Kila tulipomketisha na vitabu, alisema, "Mwalimu, kitabu changu ni barabara." Makocha watatu walimwandikia kwa shauku. Mtihani wa mwisho ulipotoka, alipata D, na barua zikakoma. Wakati huo huo alitokea mtu mmoja aliyejiita wakala, akamwambia mama yake kwamba alama si kitu, yeye ana njia. Alihitaji shilingi 150,000 tu. Mama akauza mitamba miwili. Wakala akachukua fedha, simu yake ikazimwa, na mpaka leo hajaonekana. Kijana yule analima viazi sasa, na hukimbia mashindano ya barabarani apatapo nauli. Hana kinyongo na mtu. Lakini mama yake hupita karibu na zizi lile kila siku.

Kwa hiyo, msomaji, lishike neno hili. Chuo cha kweli huandika kwa anwani yake chenyewe, na barua zake huweza kuthibitishwa. Hati iitwayo I-20, ambayo huwezi kuomba viza ya mwanafunzi bila hiyo, hutolewa na chuo, wala haiuzwi na mtu wa mjini. Viza huombwa katika ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri, Nairobi, na ada zake zimetangazwa wazi. Mtu akikuahidi viza, mwulize ni balozi wa nchi gani.

Mwanafunzi wa pili alikuwa msichana. Mbio zake zilikuwa nzuri, ila hazikufikia zile za mvulana. Alipokuwa Kidato cha Tatu, mjomba wake alitaka aache shule akashindane katika barabara za nchi za nje, kwa maana fedha zilikuwa karibu. Mama yake alinijia nyumbani jioni, akasema, "Mwalimu, mjomba wake asema miguu haingoji." Nikamjibu, "Ni kweli, Mama, miguu haingoji. Ndiyo sababu tusiitegemee peke yake." Tulikaa mpaka taa ikapungua. Zaidi ya maneno hayo nilimweleza pia kanuni: mkimbiaji akikaa muda mrefu akishindana baada ya kumaliza shule, au akipokea fedha za ushindi kupita gharama zake, aweza kupoteza misimu yake ya chuo. Mlango mmoja ukiingiwa, mwingine huanza kufungwa. Msichana mwenyewe alikuwa amenyamaza. Mwishowe akauliza, "Mwalimu, nikiumia kule, nitabaki na nini?"

Hilo ndilo swali bora nililoulizwa katika miaka yangu yote ya kazi. Nilimshauri alipeleke kwa kila kocha aliyemwandikia, neno kwa neno. Wawili hawakujibu. Mmoja, wa chuo cha miaka miwili, alijibu kwa uaminifu: kwamba ufadhili wake hutolewa mwaka kwa mwaka, na kwamba mwanafunzi mwenye alama nzuri huweza kupata msaada mwingine akiwa mgonjwa. Msichana akamchagua huyo. Alipata B- katika mtihani, akafaulu mtihani wa Kiingereza uliotakiwa, akaenda. Aliniandikia kwamba kuna misimu mitatu kwa mwaka, mbio za nyika wakati wa majani kupukutika, mbio za ndani wakati wa baridi, na za uwanjani wakati wa joto kuanza. Na kwamba makocha humhitaji mkimbiaji katika yote mitatu. Mwaka wa pili mshipa wa kisigino ukamwuma, akapasuliwa, na hakurudia tena mbio zake za zamani. Lakini alama zake zilikuwa nzuri. Alihamia chuo cha miaka minne kwa msaada wa masomo, akamaliza uuguzi. Leo anafanya kazi hospitalini, na amemsomesha mdogo wake. Mjomba ndiye anayenisalimu kwanza tukutanapo sokoni.

Huenda ukasema, "Mwalimu, watu wamepata mali kwa mbio bila chuo." Ni kweli, na wengi wao ni fahari ya taifa letu. Tangu Julai 2021 hata wanamichezo wa vyuo wameruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, ijapokuwa mgeni mwenye viza ya mwanafunzi hufungwa na sheria za uhamiaji. Mimi simkatazi mtu mali. Nasema tu kwamba katika kila kundi la vijana 100 waamkao alfajiri, wale watakaoishi kwa mbio ni wachache sana, na hakuna ajuaye mapema ni akina nani. Kitabu hakimpunguzii mkimbiaji mwendo. Wale wengine kitawafaa siku zote.

Basi, ukiwa na miguu, anza leo jioni. Chukua daftari, uligawe sehemu tatu. Katika ya kwanza andika kila mashindano uliyokimbia, mahali, tarehe na muda wako, pamoja na yale uliyoshindwa. Katika ya pili andika alama zako za kila muhula, somo kwa somo, bila kuficha lililo baya. Hilo ndilo la kumpelekea mwalimu wako kesho. Katika ya tatu andika maswali utakayomwuliza kocha atakayekuita, na la kwanza liwe lile la msichana yule. Ukifika Kidato cha mwisho na sehemu zote tatu zimejaa, utakuwa na jambo la kumwandikia mtu ye yote ulimwenguni, na hakuna wakala atakayeweza kumwuzia mama yako kile ulicho nacho tayari mkononi.